Muulize Fundi: "Wananiambia nimevaa sketi"

Barua nyingi za mwezi huu zilihusu nguo za harusi, na hizo nitazijibu toleo lijalo. Nimetanguliza hizi nne kwa sababu zimenigusa. Zimetoka Nairobi, Tanga, Glasgow na Morogoro, walioziandika hawajuani, na tatu kati yake zinalia na jambo lile lile: mwanamume aliyevaa nguo isiyo na miguu miwili, na macho ya watu. Nimeshona kanzu na misuli hapa Mji wa Kale, Mombasa, kwa miaka 41. Jambo hili nalijua kwa mikono, na limenipata mwenyewe pia, kama mtakavyoona.

Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni kijana wa miaka 27, kwetu ni Faza, kisiwa cha Pate. Nina mwaka wa pili Nairobi, naweka hesabu za ghala moja, nimepanga chumba ghorofa ya tatu huko Embakasi. Nikirudi kazini naoga, najifunga kikoi kama nilivyozoea nyumbani. Jumamosi moja nilishuka nacho kununua maziwa na mkate duka la hapo chini. Vijana wa bodaboda wakaanza: "Leo umevaa sketi ya nani?" Mmoja akanipiga picha kwa simu. Tangu siku hiyo mtoto wa jirani ananiita "Anko Sketi". Lakini kilichonikaa zaidi ni mlinzi wa jengo. Aliniambia kwa upole tu, "Kijana, ukishuka uwe unavaa nguo." Yeye hakuwa anacheka. Sasa hata nikienda kutupa taka nabadilisha kwanza, navaa suruali. Naona haya na nguo aliyoivaa babangu mpaka siku zake za mwisho. Je, nifuate mji tu?
*Kijana wa Faza, Nairobi*

Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo mlinzi, maana neno lake limenikaa hata mimi. Wale wa bodaboda waache kwanza. Kijana anayeshinda juani akingoja abiria atacheka chochote kinachopita. Lakini mtu mzima anayekwambia kwa upole "uwe unavaa nguo" anasema anachokiona. Kwake yeye, ulichojifunga si nguo. Kikoi amekionea wapi? Amekiona kimetandikwa kwenye kiti cha hoteli, au watalii wanajifutia maji ya bahari. Au amemwona mvulana wa kwao aliyetoka kutahiriwa, anatembea kwa uangalifu na shuka kiunoni. Kwa hiyo alipokuona unashuka ngazi aliona mtu aliyetoka bafuni akasahau kuvaa. Alikuwa anakusitiri.

Hilo la kutahiriwa silisemi kwa kubahatisha. Mwaka 1989 nilipanda basi la usiku kwenda Nairobi kuchukua vitambaa. Nilijifunga kikoi cha kijani, juu shati jeupe, kwa sababu safari ni ndefu na suruali inabana magoti. Kondakta alinitazama kutoka chini hadi juu, akauliza kwa sauti ya kusikika na basi zima kama umri ule ndio kwanza nilikuwa natoka jandoni. Walicheka kutoka Mombasa mpaka Mariakani. Sikumjibu. Basi liliposimama Mtito Andei niliingia chooni na mfuko wangu, nikavaa suruali nimesimama juu ya viatu nisikanyage maji, nikakikunja kikoi nikakitia chini kabisa ya mfuko. Niliporudi ndani ya basi hakuna aliyenitazama tena. Kile kicheko nimeshakisamehe. Kule kukificha kikoi ndiko kunakoniuma mpaka leo, maana matamvua yake aliyasokota mamangu, jioni tatu, ameketi mkekani na taa pembeni.

Basi hiyo suruali unayoivaa kwenda kutupa taka, naijua.

Sasa nisikilize. Nguo hii haikuanza kwa babako wala kwa babu yako. Mwaka 1331 msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alishuka Mogadishu, na ilipofika Ijumaa aliletewa mavazi ya kwenda nayo msikitini. Ameandika kwamba alipewa kitambaa cha hariri cha kufunga kiunoni badala ya suruali, na kwamba suruali watu wa pale hawaijui. Juu yake alivishwa kanzu ya kitani cha Misri, joho, na kilemba. Huyo ni mgeni wa heshima, aliyeletewa nguo na kadhi pamoja na waziri wa mtawala, si mtu aliyetoka kuoga. Kutoka hapo alishuka Mombasa, akaendelea hadi Kilwa. Na hilo neno suruali lenyewe tumelipata kwa Waarabu, sirwal, nao wakalipata kwa Waajemi. Neno sketi limekuja na Kiingereza, nasi wengi wetu tulilisikia kwanza shuleni, kwenye sare ya wasichana. Ndiyo maana mtu wa Embakasi akiona nguo iliyo wazi chini, jina linalomjia ni lile la darasani. Hakufundishwa jingine.

Wala usidhani uko peke yako katika mji huo. Siku ukipata nafasi nenda Eastleigh baada ya swala ya alasiri. Utawakuta wazee wa Kisomali wamekaa mbele ya maduka na maawisi, misuli yao ya miraba, wanakunywa chai, na hakuna anayegeuza shingo. Ni Nairobi ile ile. Na huenda geti la pili kutoka kwenu linalindwa na Mmaasai mwenye shuka nyekundu na rungu. Yeye haulizwi sketi ya nani. Ingawa nao waliwahi kusumbuliwa: mwaka 1967 na 1968 Tanzania iliendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamaasai waache shuka wavae suruali. Kampeni ilikwisha, shuka zipo.

La kufanya nitakwambia kama fundi, na pengine hutalipenda lote. Hata Faza kikoi kina mahali pake. Babako, najua bila kuambiwa, alitoka nacho kwenda dukani, pwani, barazani, msikitini. Alipokuwa na shughuli kwa kadhi au kwa mkuu wa wilaya alivaa kanzu juu yake. Na kile cha kulalia hakutoka nacho. Nimewaona vijana wetu walioko bara wanashuka na kikoi kilichokunjamana kutoka kitandani, fulana ina matundu, miguuni champali, halafu wanaulaumu mji. Sisemi ulikuwa hivyo. Hukuniandikia juu ulivaa nini.

Tafuta kikoi kizito kidogo, si kile chepesi cha watalii kinachopitisha mwanga. Kifue, ukipige pasi kingali na unyevu ili ile mistari ya rangi ya ukingoni isimame. Simama miguu imeachana kiasi cha shibiri moja, la sivyo kitakubana ukipanda ngazi. Kizungushe kiunoni, vuta tumbo ndani, kunja rinda moja mbele, lilaze upande, kisha uvingirishe ukingo wa juu kuelekea chini mara mbili hadi ubane. Ukimaliza inama uutazame upindo wa chini. Unatakiwa ukae juu kidogo ya kifundo cha mguu, sawa pande zote. Hapo ndipo macho ya watu yanapokwenda bila wenyewe kujua. Upindo ukishuka upande mmoja mtu anaona taulo, ukikaa sawa anaona nguo. Juu shati lililopigwa pasi, miguuni makubadhi, na kofia kama unayo.

Halafu ushuke, taratibu. Simama na mlinzi dakika mbili, mshikishe ule ukingo wenye matamvua, mwambie kwetu hii ndiyo nguo ya mwanamume na babangu aliivaa hivi. Mtoto wa jirani mfundishe neno kikoi. Mtoto akishajua jina la kitu hulisema kwa fahari. Wa bodaboda wasalimie upite. Yule mwenye picha mwite pembeni umwombe aifute, na usione aibu kusisitiza, maana picha yako si mali yake. Wapo watakaozoea baada ya wiki chache. Wapo ambao hawatazoea, na hao wasikuvulishe.

Kazini vaa suruali. Hiyo ni sare, na unalipwa kwayo.

Shikamoo Baba Fundi. Mume wangu ni mnene na msuli wake hauishi kumlegea. Juzi alikwenda kumfungulia mgeni mlango ikabidi aushike kwa mkono mpaka mgeni alipoketi. Anasema niutie lastiki. Nifanye hivyo?
*Mama wa Ngamiani, Tanga*

Marahaba, mama. Usitie lastiki. Msuli ni nguo ya kukunjwa, na lile kunjo la mbele ndilo linalompa mtu nafasi ya kukaa, kuinama na kurukuu. Ukitia lastiki utaliondoa kunjo lenyewe.

Tatizo ni kipimo. Mpime mzunguko wa tumbo usawa wa kitovu, kisha upime mzunguko wa msuli. Wa msuli usipungue mara moja na nusu ya wa tumbo. Ukipungua, fumua mshono wa nyuma, uongeze kipande cha kitambaa cha aina ile ile, na miraba ikutane sawasawa, maana mshono uliopishana huonekana tangu mlangoni. Shona, geuza, shona tena juu yake ili nyuzi zisichomoze. Msuli mpya ufue mara mbili kabla hajauvaa; ile dawa ya dukani inaufanya uteleze. Akitaka kujihakikishia zaidi, mkanda mpana juu ya kunjo, kama walivyofanya wazee.

Ami, assalam aleikum. Mimi ni Mzanzibari, niko Glasgow mwaka wa sita, naendesha basi. Mwenzangu wa kazini anaoa mwezi Juni, ameniomba niwe mmoja wa wanaume watakaosimama naye, na sote tuvae kilti, ile nguo ya marinda ya wanaume wa huku Uskoti. Nimefurahi kuombwa. Lakini nina mashaka na magoti yangu kuonekana. Na lipo la pili linalonikera. Mwaka jana nilishuka na msuli kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, jirani akaniuliza kama nimefungiwa nje nikiwa naoga. Jirani huyo huyo siku za mpira anatoka na kilti yake kifua mbele. Nivae ya kwao, yangu nifiche?
*Dereva, Glasgow*

Waaleikum salaam, mwanangu. Kilti nimeishika mara moja. Mgeni wa Kiskoti alikuja Mombasa harusini, kile kimkanda cha ngozi cha ubavuni kikakatika, akaelekezwa kwangu. Nilipoipokea mkono wangu ulishuka kwa uzito. Ni sufu, na humo zimelazwa kama yadi 8 za kitambaa, zaidi ya mita 7. Mbele ni bapa, vipande viwili vinapishana. Nyuma ni marinda matupu, yamelaliana kiasi kwamba mistari ya kitambaa inaendelea kana kwamba hapana mkunjo wowote. Kimkanda kile ni kazi ya dakika kumi. Nilikaa na ile nguo saa nzima, naifunua rinda baada ya rinda, kwa sababu sikuwahi kuona mtu aliyeyapanga namna ile, na mwenyewe aliporudi alinikuta bado nimeipakata.

Kuhusu magoti: kilti ya kawaida huishia kwenye goti. Sisi wa madhehebu ya Shafi tumefundishwa kwamba uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, kwa hiyo waambie wanaokukodisha wakupe ndefu kidogo ifunike goti hata ukiketi, uvae soksi ndefu, na ndani kaptula nyeusi. Wapo Waskoti wanaojisifu kwa kutovaa kitu ndani, wewe hukulazimishwa. Zaidi ya hapo muulize sheikh wa huko, mimi ni fundi tu. Jambo moja la kishonaji: ile pini kubwa ya mbele ipenyezwe kwenye kipande cha juu peke yake. Ukivishika vyote viwili, siku hiyo hiyo ukiketi kitambaa kinachanika.

Na jirani yako. Hao ni watu wanaojua kunyang'anywa nguo. Baada ya waasi wao kushindwa vitani Culloden mwaka 1746, bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi ya watu wa milima ya Uskoti, isipokuwa kwa askari. Aliyekamatwa nayo mara ya kwanza alifungwa miezi 6, mara ya pili alipelekwa uhamishoni ng'ambo miaka 7. Sheria ile iliondolewa mwaka 1782, na leo mtu hawezi kuoa huko bila kufikiria kilti. Kwa hiyo usiufiche msuli. Upige pasi, vaa na shati, shuka nao kwenye chumba cha kufulia, na ukikutana naye mwambie hii ndiyo kilti ya kwetu, babangu alivaa, babu yangu alivaa. Sidhani kama yuko mtu Ulaya nzima atakayeielewa sentensi hiyo haraka kuliko yeye. Hakukudharau, mwanangu. Hakujua alichokuwa anakitazama.

Harusini nenda na kilti. Umeombwa usimame na bwana harusi, hiyo ni heshima kubwa.

Kaka Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu. Mwanangu wa pili ana miaka 20, yuko chuo. Likizo hii amerudi na sketi. Si msuli wala kikoi. Ni sketi nyeusi ya marinda, ya mitumba, inapita goti kidogo, anaivaa na buti na shati la kawaida. Nilipomuuliza alisema, "Mama, kuna joto, na naipenda ilivyokatwa." Hana maneno mengi. Baba yake amesema akiiona tena ataichoma, mwanamume havai marinda. Mzee wa kanisa amenisomea Kumbukumbu la Torati 22:5, inayokataza mwanamume kuvaa mavazi ya mwanamke. Juzi konda mmoja alimkatalia kupanda daladala pale stendi ya Msamvu mbele ya watu, akarudi nyumbani kwa miguu, akaingia chumbani hakula. Niko katikati. Nimwambie nini mwanangu?
*Mama, Morogoro*

Dada yangu, barua yako niliiweka kando siku nne. Nitakueleza kwa nini.

Miaka kumi na kitu iliyopita aliingia dukani kwangu kijana mwembamba na kitambaa cha kijivu, mita 2. Nikachukua futi nikampima kiuno, inchi 29, nikaandika daftarini. Nikamuuliza, suruali ya mtindo gani? Akasema kwa sauti ya chini kwamba anataka sketi. Yake mwenyewe. Ndefu, marinda mapana, na mifuko miwili ya ubavuni. Niliiweka futi mezani. Nikamwambia duka langu si la mambo hayo, na nililisema mbele ya wateja wawili na kijana niliyekuwa namfundisha kazi. Hakubisha. Alikikunja kitambaa chake taratibu, pembe kwa pembe, kama mtu aliyefundishwa kukunja nguo na mama yake, akatoka. Mteja mmoja akacheka. Kicheko kile nilikijua, nilikisikia ndani ya basi mwaka 1989, na siku ile kondakta nilikuwa mimi. Mlango ulikuwa wazi, kijana hajafika hata kwa muuza kahawa. Sikumwita.

Kwa hiyo sitakwepa, na sitakudanganya kwamba sketi ya mwanao ni sawa na kikoi. Kikoi kina wazee nyuma yake. Sketi ile haina mzee aliyetangulia kuivaa hapo Morogoro, na ndiyo maana mwanao anabeba peke yake kile ambacho yule kijana wa Faza anakibeba pamoja na babu zake. Mimi mwenyewe nisingeivaa. Lakini marinda ni hesabu ya kukunja kitambaa, basi. Mweleze mumeo kwamba wale askari wanaolinda kaburi la askari asiyejulikana huko Athens, Ugiriki, huvaa sketi nyeupe yenye marinda 400, inayoishia juu ya goti, na ni wanaume waliochaguliwa kwa urefu na ukakamavu. Wagiriki wanaijua maana ya yale marinda: ni miaka 400 ya kutawaliwa na Waturuki. Hakuna Mgiriki anayemwambia askari yule kwamba si mwanamume.

Aya ya Kumbukumbu la Torati sitaifasiri. Mimi ni Mwislamu na si mahali pangu. Nenda kwa mchungaji wako, ukae naye bila yule mzee wa kanisa, na umuulize wanaume wa zama zile walikuwa wanavaa nini.

Na wakwe zako kama wapo hai waulizeni habari za Operesheni Vijana. Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati ule, uliitangaza Oktoba 1968, ikaanza Januari 1969: vimini marufuku, mawigi marufuku, na suruali za kubana za wavulana nazo marufuku. Vijana waliandamwa barabarani kwa ajili ya suruali. Zile zile zinazobana leo anazivaa bwana harusi na baba mkwe anapiga naye picha.

Ninachokiogopa ni barabara, na hapa tusiongope. Mwaka 2014 Nairobi wanaume waliwavua wanawake nguo hadharani, kwenye vituo vya matatu, kwa madai kwamba sketi zao ni fupi. Tarehe 17 Novemba mwaka ule wanawake waliandamana katikati ya mji kuupinga ukatili huo. Mkono uliowavua wale unaweza kumfikia na mwanao, na pale Msamvu umeshaanza kumnyooshea kidole. Kaa naye umwambie hofu yako jinsi ilivyo, bila kuigeuza hukumu. Zungumzeni saa ngapi, wapi, na anaongozana na nani. Chuoni mchana na stendi jioni si mahali pamoja. Akiamua siku nyingine kuvaa suruali ya safari na sketi akaiweka begini, asione ameshindwa; aijue tu sababu, na uamuzi uwe wake. Mimi Mtito Andei sikuamua, niliamuliwa na kicheko.

Muulize pia kwa nini, mara moja, kwa utulivu, umsikilize mpaka mwisho. Akirudia kwamba ni joto na mkato, mwamini. Pengine ana zaidi ya kusema na pengine hana. Ukimkamulia jibu unalolitaka wewe, siku akiwa na la kweli hatakuletea.

Mumeo mwombe kiberiti kibaki jikoni. Nguo aliyoinunua kijana kwa pesa yake ikichomwa na baba yake uani, likizo ijayo atapata sababu ya kubaki chuoni, na ile inayofuata pia. Nduguze wawili waambie watembee naye. Mtu mwenye ndugu kushoto na kulia hachekwi ovyo.

Sketi za mitumba mara nyingi zipu yake imechoka na bitana imelegea. Aikague kabla ya kutoka, hasa mshono wa nyuma, maana buti na hatua ndefu za kiume zinauvuta. Na akipita Mombasa aje Mji wa Kale na kitambaa chake, mita 2 zinatosha. Nitamtilia na mifuko.